Chuo kizuri ni kipi hasa? Binti yangu anachagua kwa picha, nami nimeshindwa kumkatalia

MamaMdogo wa Kibondo

Wakuu, habari za jioni.

Naleta jambo ambalo wengine wataliona dogo, ila kwangu limekuwa kubwa wiki nzima. Nina binti, mtoto wa marehemu dada yangu. Kamaliza kidato cha sita na matokeo yake ni mazuri, namshukuru Mungu. Dirisha la udahili liko wazi. Juzi usiku nimemkuta na simu anapitia picha za vyuo: lango hili, jengo lile la vioo, bustani ile yenye bwawa. Nikamuuliza, mwanangu, unatafuta nini? Akajibu, "Mama mdogo, natafuta chuo kizuri."

Nilitaka kumkemea. Maneno yote ya wazazi nilikuwa nayo mdomoni: angalia kozi, angalia ada, angalia mkopo utapata asilimia ngapi, uzuri wa majengo hauliwi. Nikayameza. Maana mimi mwenyewe elimu yangu nusu niliipata darasani na nusu chini ya mti, na yule aliyeupanda mti ule pale alikuwa anajenga chuo sawasawa na aliyejenga darasa.

Nilifika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2003. Nimetoka Kibondo hadi Kigoma kwa basi, Kigoma hadi Dar kwa treni ya Reli ya Kati, na sanduku la bati lilelile nililosomea sekondari. Daladala ilinishusha saa nane mchana, kwenye lile jua la Dar linaloingia mpaka ndani ya nguo. Nikaanza kupanda na sanduku langu. Majengo sikuyaona. Nilichokiona ni kwamba kivuli hakikatiki: mti unakupokea, unakukabidhi kwa mwenzake, unaingia kwenye njia iliyoezekwa, unatoka, mti tena. Nilipochoka nikakaa kwenye kimbweta, nikalaza sanduku juu ya meza, nikalia kidogo, nikanyamaza. Watu walipita. Hakuna aliyeniuliza nangoja nini.

Kwa ambao hawakijui, kimbweta ni meza ya zege na mabenchi yake ya zege, vimejengwa pamoja chini ya mti, havihamishiki. Kile nilichokuja kukizoea kilikuwa na ufa unaokatiza meza toka kona hadi kona, na kwenye ufa ule tulikuwa tunachomeka kalamu zisibingirike. Pale viwiko vinapokaa zege ilikuwa imelainika kama jiwe la kusagia la bibi yangu. Asubuhi ilikuwa baridi mikononi, jioni inakurudishia joto la mchana. Hapo ndipo tuliposoma madesa, yaani nakala za masomo, ya kuazimana bumu, ile hela ya mkopo, lilipochelewa. Hapo ndipo kijana mmoja wa sheria, hatumjui hatujui, alitusikia tunabishana mambo ya sarufi akavuta daftari lake akakaa, na tukabishana naye hadi giza. Leo ni baba wa watoto wangu wa ubatizo wawili.

Basi kipimo changu ni hiki. Nenda chuoni saa nane mchana, siku ya kazi, uangalie mwanafunzi asiye na hata shilingi mfukoni amekaa wapi. Kama ana mahali penye kivuli, hapana anayemfukuza, na mwenzake anaweza kumkuta hapo bila kupanga, hicho ni chuo kizuri. Lango nitalitazama baadaye.

Naomba maoni yenu, hasa mliosoma kwingine.

FundiMchundo

Mama mdogo, umegusa kazi yangu. Mimi ni mtu wa ujenzi, nimekaa saiti zaidi ya miaka ishirini.

Kile kivuli ulichokiona hakikutokea kwa bahati. Mlimani ni eneo la ekari kama 1,625, juu ya kilima, kilomita kama 13 toka katikati ya jiji. Chuo kilihamia pale mwaka 1964. Wajenzi wa wakati ule hawakuwa na viyoyozi vya kuwaokoa, kwa hiyo walilazimika kufikiri. Tazama majengo ya enzi hizo, pale na kwingineko katika miji yetu ya pwani: ni membamba na marefu, chumba kina dirisha upande huu na upande ule, korido iko wazi, kuna luva, kuna ukuta wa matofali ya matundu. Upepo ukiingia una pa kutokea. Dar iko nyuzi kama saba tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu juu ya kichwa, kwa hiyo ukuta unaoungua ni wa mashariki na wa magharibi. Upande wa kaskazini na kusini paa likitokeza kidogo linatosha. Mjenzi akilala upande usiofaa, watu watakaa kwenye tanuri miaka hamsini.

Sasa mteja wa leo anakuja na picha kwenye simu. Anataka vioo kuanzia chini hadi juu. Namwambia, bosi, hivi vioo vinatazama magharibi. Anasema weka kiyoyozi. Umeme ukikatika saa tisa mchana, na madirisha ni ya aluminiamu yanayofunguka kipande kidogo, mhadhiri anafundisha watu mia mbili wanaojipepea na madaftari. Nimejenga jengo la aina hiyo, la chuo, sitalitaja. Nilipita miaka mitatu baadaye nikakuta wamebandika magazeti kwenye vioo kuzuia jua. Niliumia, kwa sababu mikono ni yangu.

Mfano ninaoupenda uko Nigeria, Ile-Ife, chuo ambacho leo kinaitwa Obafemi Awolowo. Msanifu alikuwa Arieh Sharon, Mwisraeli aliyesomea Bauhaus, shule ya usanifu kule Ujerumani, na kazi ilianza miaka ya 1960. Majengo yake ya idara za lugha na fasihi ni kama piramidi iliyogeuzwa: kila ghorofa inatokeza nje kuliko ya chini yake. Ghorofa ya juu inaikinga ya chini na jua na mvua, mpaka ardhini ambako watu wanapita mkavu. Jengo linajitengenezea kivuli lenyewe. Wengi wanakiita chuo kizuri kuliko vyote Afrika, na uzuri wake wote umetokana na mtu kuuliza swali moja: mvua inatokea wapi na jua linapiga wapi?

Mgogo wa Ng'ong'ona

Nakubaliana na Fundi ila naomba msidhani uzuri ni mali ya pwani tu. Mimi ni wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, miaka ya mwanzo. Chuo kilianzishwa 2007, na sisi tulikuta vilima, mawe na upepo wa Dodoma, ule upepo unaokuja na vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Ndaki (koleji) moja hadi nyingine ni mwendo. Chini ya jua la Oktoba ukitoka Elimu kwenda Sayansi za Jamii kwa miguu ulikuwa unafika umebadilika rangi.

Lakini ngojeni niwaambie. Jioni ukikaa kwenye mwamba ukatazama bonde lote na mji kule chini unaanza kuwasha taa, hakuna picha inayoweza kukupa kitu kile. Kwetu miti ilikuwa bado. Mawe ndiyo yalikuwa vimbweta vyetu. Na miti tuliipanda wenyewe. Kikundi chetu tulipanda miarobaini tukaimwagilia kwa madumu ya lita tano tunayobeba toka bwenini, kila mtu na mche wake, na mche wako ukifa unachekwa. Wangu uliishi. Nimekwenda mwaka juzi na mke wangu nikamwonyesha. Vijana wanne walikuwa wamekaa chini yake wanasoma. Sikuwaambia kitu.

Kwa hiyo kipimo chako mama mdogo ni sahihi, ila ongeza: chuo kipewe muda. Kichanga usikihukumu kwa kivuli.

Mzee wa Lumumba

Wanangu, shikamooni mnaostahili, na wengine marahaba.

Nimesoma yote haya na nina neno ambalo halitawapendeza. Chuo Kikuu chetu hakikuzaliwa mlimani. Kilizaliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kivuli chao kilikuwa kivuli cha ghorofa. Nje kuna wachuuzi, kuna mikutano, kuna wafanyakazi wa bandari wanapita. Nimekulia jirani na hapo. Chuo kilikuwa katikati ya watu.

Mwaka 1964 kikapanda kilimani. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wakaandamana kwa joho kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu mia nne, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi vijana wa mtaani tulisema: hao wamekaa juu mno, wamesahau. Mwalimu alikuwa na mfano wake, mnaukumbuka wazee wenzangu: kijiji kina njaa, chakula chote kilichobaki anapewa mtu mmoja ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, huyo ni msaliti.

Ninachouliza ni hiki. Bustani, upepo, mandhari ya bahari kwa mbali, si vyote vilikuwa chakula cha kijiji? Chuo kikiwa kizuri sana mtu anasahau kilicholipia. Mimi ningependa binti asome mahali panapomkumbusha.

MamaMdogo wa Kibondo

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako mara tatu kabla ya kujibu.

Kuna ukweli ndani yake unaoniuma. Ni kweli mtu anaweza kukaa kilimani akasahau. Lakini naomba nikupe upande wangu mimi niliyetoka kijiji chenyewe. Nyumbani kwetu kitu kizuri kilikuwa cha wageni. Kikombe kizuri kilikuwa kabatini, kiti kizuri cha paroko. Nilikuwa na miaka ishirini sijawahi kukaa mahali palipotengenezwa vizuri kwa ajili yangu. Nilipokaa kwenye lile zege la baridi na kivuli chake, nilielewa kwamba kuna mtu alinifikiria kabla sijafika, na hakuuliza baba yangu ni nani. Deni ninalolihisi mpaka leo kwa watu wa Kibondo lilianzia hapo. Ningewekwa kwenye chumba kibovu ningehisi sidaiwi na mtu.

Na wakati wetu mlima ule haukuwa na mipaka mikali kama unavyodhani. Watoto wa Changanyikeni, mtaa wa jirani, walikuwa wanakatiza na madumu yao, akina mama wanauza maandazi na karanga, vijana wa mitaani wanakuja kujisomea. Uzio ndio unaotenga, mzee wangu. Mti hautengi.

Sasa niseme nilichotaka kusema tangu mwanzo. Nimewahi kufundisha kwa muda kwenye chuo fulani mjini, chuo cha ghorofa za kupanga. Sikitaji. Walimu walikuwa wazuri, kozi zilisajiliwa, ada ilikuwa ya wastani. Ngazi moja, korido moja nyembamba, madarasa. Kipindi kikiisha mlinzi anapiga mbao: tokeni, wengine waingie. Wanafunzi wangu walikuwa hawana pa kukaa. Wanashuka ngazi, wanasimama kando ya barabara dakika mbili, wanapanda daladala. Muhula mzima niliwafundisha vijana 60 na kufika mwisho wengi hawajui majina ya wenzao. Nilipompa mmoja wao kazi ya kikundi aliniambia, "Madam, tutakutana wapi?" Nikakosa jibu. Tulianza kukutana kwenye ngazi za kanisa jirani, kwa ruhusa ya padri. Darasa lile likabadilika. Maswali yakaanza kuja.

Kwa hiyo mtu asiniambie haijalishi.

Mwana wa Shangani

Dada, hichi kimbweta chenu sisi tunakijua kwa jina jengine. Hiyo ni baraza.

Nyumba za Mji Mkongwe, na za Lamu, na za Mombasa mji wa kale, nje ya ukuta zina kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na nyumba. Mwenye nyumba katumia chokaa yake na mawe yake kutengeneza pahala pa mtu asomjua kukaa. Mpita njia akichoka anakaa. Jioni kahawa, bao, habari. Babu yangu alisoma sarufi ya Kiarabu na ilimu ya nyota barazani, hakuna alokuwa anatoa ada. Mvua ikinyesha ukipita juu ya baraza viatu havirowi. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyofahamu uzuri wa mji: nyumba isiyo na baraza inatizamwa kama mtu asosalimia.

Sasa chuo kikijengwa leo kwa lango refu na geti la umeme na ndani hamna pa kukaa, mimi nasema kimejengwa na mtu asojua salamu. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, tunao.

Dada wa Zamu ya Usiku

Naomba tusizungumzie saa nane mchana tu. Zungumzeni saa nne usiku.

Nilisoma chuo ambacho kwenye kalenda yao ni kizuri sana, miti kama yenu, maua, njia zinazopindapinda. Toka maktaba hadi hosteli za wasichana ni dakika kumi na mbili. Nguzo za taa niliwahi kuzihesabu, zilikuwa kumi na tisa, zinazowaka ni nne. Ile michongoma mizuri mchana, usiku inakuwa ukuta. Tulikuwa tunangojana maktaba mpaka tufike watano ndipo tunaondoka, na kama wenzako wameondoka mapema na wewe unafunga kitabu, hata kama mtihani ni kesho. Rafiki yangu aliacha kabisa kusoma maktaba muhula wa mwisho. Alisema haogopi mtihani, anaogopa njia.

Kwa hiyo mama mdogo, ukienda na binti, mkae mpaka giza liingie. Mhesabu taa. Na mwingie vyooni, muangalie kama maji yanatoka na milango inafungika. Uzuri wa msichana chuoni unaanzia hapo.

FundiMchundo

Dada, nakushukuru. Katika bajeti taa za njia ndizo zinazokatwa kwanza, kwa sababu siku ya uzinduzi mgeni rasmi anakuja mchana. Nimeshuhudia. Kuanzia sasa nikikaa kwenye kikao cha mradi nitakuwa na hadithi yako mfukoni.

Magurudumu Mawili

Mimi natumia kiti cha magurudumu. Kila mtu humu anasifia vilima, na mimi nawaelewa, kwa sababu hata mimi napenda kuona mbali. Ila katika miaka mitatu ya shahada yangu, chuo nisichokitaja, kulikuwa na sehemu ya vimbweta maarufu kuliko zote, chini ya mwembe mkubwa, na kufika kwake ni ngazi sita. Sita tu. Nilikuwa nawaona wenzangu wako pale, nawasikia wanacheka. Walikuwa wananibeba, sikatai, walikuwa na moyo. Lakini mtu mzima kubebwa kila akitaka kukaa na wenzake ni kitu unakifanya mara moja moja, halafu unaanza kusema umechoka, unabaki chumbani.

Siku moja mafundi waliokuwa wanakarabati njia walibakisha zege kidogo. Mmoja akamwaga mteremko pembeni ya zile ngazi, jioni moja, bila barua ya mtu. Ulikuwa na mawimbi, haukusawazishwa vizuri. Nilipanda mwenyewe. Kwangu mimi ule mteremko ndio kitu kizuri kuliko vyote chuoni pale.

Mwalimu wa Njoro

Salamu kutoka Kenya. Nimefuata mjadala huu nikiwa nimenyamaza tangu asubuhi lakini huyu ndugu wa magurudumu amenitoa machozi.

Niongeze kidogo tu. Mimi nilisomea Egerton, pale Njoro, chuo kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939. Kuna bustani ya mimea ambayo miti yake ina vibao vya majina. Nilikuwa nasoma uchumi, hakuna mtu aliyenifunza miti. Lakini kwa sababu nilikuwa napita pale kila siku nikienda lekcha, nilimaliza chuo nikijua majina ya miti arobaini hivi. Hakuna mtihani niliofanya. Leo nikitembea na wanangu nawaambia huu ni huu na ule ni ule, na wanadhani baba yao alisomea misitu. Mahali pazuri panakufunza bila kukuuliza kama uko tayari.

Nesi Mstaafu

Kwa wanaodai haijalishi, niwape ya hospitali. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wa wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, wote wamepasuliwa mfuko wa nyongo. Nusu walilazwa vyumba ambavyo dirisha linatazama miti, nusu dirisha linatazama ukuta wa matofali. Hospitali ileile, upasuaji uleule. Wa upande wa miti walitoka mapema zaidi, na walihitaji dawa kali chache zaidi za kutuliza maumivu kuliko wenzao.

Sisi wauguzi hilo tulilijua kwa macho kabla halijaandikwa. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani anakuuliza habari za nje. Wa kitanda cha ukutani anakuuliza saa. Kama mti unamsaidia mtu aliyefungwa nyuzi tumboni, kwa nini usimsaidie mtoto mwenye mitihani saba kwa wiki mbili?

Mbeba Mabegi, Cape Town

Mimi niko huku Afrika Kusini kikazi. Chuo Kikuu cha Cape Town kiko chini ya mlima kabisa, ukuta wa mawe umesimama nyuma yake. Sijaona mahali pazuri zaidi kwa macho. Lakini kwa miongo mingi katikati ya uzuri ule alikuwa amekaa Cecil Rhodes wa shaba, yule mkoloni wa Kiingereza, anatazama mji chini kama shamba lake. Mwaka 2015 wanafunzi walisema hawawezi kupita mbele yake tena, na tarehe 9 Aprili mwaka huo sanamu ikaondolewa kwa winchi. Ukumbi mkuu nao, uliokuwa na jina la Jameson, tangu 2018 unaitwa Sarah Baartman, mwanamke Mwafrika aliyepelekwa Ulaya kufanywa kioja.

Ninachojaribu kusema, wenzangu, ni kwamba uzuri huongea, na mwanafunzi anasikia kama unamwambia karibu au unamwambia umekosea njia. Mama mdogo alikaa kwenye zege akasikia karibu. Kuna waliokaa mahali pazuri kuliko pale wakasikia vingine.

Mzee wa Lumumba

Binti wa Kibondo, marahaba. Neno lako la kikombe cha wageni limenigusa. Mama yangu alikuwa nacho kikombe hicho, kina maua ya bluu, na alikufa hajakinywea.

Nakubali nusu. Jengeni vizuri, ila msiweke uzio.

MamaMdogo wa Kibondo

Wakuu, mrejesho.

Jumamosi nimekwenda na binti Mlimani. Nilimwambia simu aiweke mkobani. Tumeshuka kwenye daladala saa nane kamili, nilipanga hivyo makusudi, na tumepanda kwa miguu.

Mengi yamebadilika. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, iliyofunguliwa 2018, ni kubwa, wanasema inachukua watu 2,100 kwa mara moja. Tumepita Ukumbi wa Nkrumah, nikamwambia hili ndilo jengo lililokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla haijawa sarafu, akaangalia juu muda mrefu. Nikamwambia habari za Makerere pia, chuo alichosoma Mwalimu, kwamba Septemba 2020 jengo lake kuu la mwaka 1941 liliungua usiku na watu waliohitimu miaka arobaini nyuma, walio mbali kabisa, walilia kama wamefiwa. Wakalijenga upya, na limefunguliwa tena 2024. Aliniuliza kwa nini wasingejenga jipya la kisasa. Nikamwambia kaulize waliolia.

Nimehesabu taa kama dada alivyoagiza. Nimeangalia ngazi zote kwa macho ya ndugu yetu wa magurudumu, na nimeona vitu ambavyo miaka mitatu nilivipita bila kuviona. Kuna mahali nilimwonyesha binti nikamwambia, hapa mtu fulani hafiki. Hilo sikuwahi kulijua, nimelijulia humu, na nawashukuru.

Kimbweta changu nilikitafuta nikakikosa. Sijui kimeondolewa au nimesahau njia. Lakini kulikuwa na vingine, na kimoja kilikuwa na nafasi, wasichana wawili wamekaa na madaftari yametapakaa. Binti akauliza kama anaweza kukaa. Wakasogeza karatasi. Mmoja akamuuliza anataka kusoma nini, akasema takwimu. Yule mwingine akacheka, akamgeuzia daftari, akamwambia, "Basi angalia hii, sisi imetushinda tangu saa nne."

Nilisimama pembeni. Nimeona amevua mkoba, ameuweka mezani, amechukua kalamu ya mtu. Tumbili alishuka mtini akakaa karibu kabisa, binti wala hakugeuka. Baada ya kama nusu saa nikamwambia mwanangu twende, foleni ya Mwenge itatukuta. Hakuinua kichwa.

Akasema, "Mama mdogo, wewe tangulia. Nitakuja na daladala."